Unasema Familia Kwanza? Leta Daftari Tuone

Ujumbe ulitoka kwa msomaji anayefanya kazi kwenye bohari la vifaa vya ujenzi huko Nakuru. Mke wake na watoto wawili wako Mbale, kaunti ya Vihiga. Anasema anayoyathamini maishani ni matatu: familia, imani na ufundi wake wa useremala. Kisha anauliza mbona wiki zinakwisha bila yeye kugusa hata moja kati ya hayo, na kama si afadhali aache kazi.

Asiache. Si kabla ya kuhesabu. Wengi wanaolia kwamba hawana nafasi ya mambo wanayoyapenda hawajawahi kuandika nafasi yao inaliwa na nini. Wanakisia tu, na makisio ya mtu kuhusu maisha yake humpendelea mwenyewe. "Familia kwanza" ni maneno yasiyolipiwa ushuru. Utayakuta yamechorwa hata nyuma ya matatu ambayo dereva wake hajalala kwake siku tatu. Kitu unachokithamini kweli kina saa yake, mahali pake na pesa zake ndani ya wiki, na mtu akikigusa unakuja juu. Kisipokuwa na hayo, ni pambo la mdomo.

Neno maadili nimeliepuka kwa makusudi. Shule imetuzoesha kulisikia tukawaza adabu, sare safi na kumwamkia mwalimu. Hapa tunazungumzia yale ambayo ukiyakosa kwa muda mrefu unaanza kukasirika bila kujua unamkasirikia nani.

Basi tuanze na saa 168, maana ndizo saa za wiki. Kwa makadirio ya msomaji wetu mwenyewe, usingizi wa saa 7 kila usiku unachukua 49. Kazi ya Jumatatu hadi Ijumaa, saa 9 kwa siku pamoja na chakula cha mchana, ni 45, na nusu siku ya Jumamosi ni 5, kwa hiyo 50. Safari ya kutoka Pipeline, mtaa anaokaa, na kurudi, ukihesabu na kusubiri gari lijae, ni saa moja na nusu kwa siku 6, yaani 9. Kupika, kula, kuoga, kufua na kupiga pasi ni saa mbili na nusu kila siku, yaani 17 na nusu. Jumla ni saa 125 na nusu. Zimebaki saa 42 na nusu zisizo na mwenyewe.

Mwambie ana saa 42 kila wiki, atabisha. Na hakosei sana, kwa sababu haziko pamoja. Dakika 20 ziko hapa, 40 pale, na nyingi zinafika saa 4 usiku mtu akiwa hoi. Ndiyo sababu kazi ya kwanza ni kurekodi. Kupanga kutakuja baadaye.

Kurekodi bila kujidanganya

Nunua kijitabu kinachoingia mfuko wa shati. Kila siku ipe kurasa mbili zinazotazamana, mistari 24 kila upande, kila mstari nusu saa. Piga safu nne: saa, ulichofanya, uliyekuwa naye, na alama. Alama ni tatu tu: jumlisha kama kitu hicho kilikuacha na nguvu zaidi, toa kama kilikumaliza, sufuri kama hakikubadilisha chochote. Wiki nzima itakupa mistari 336.

Jaza mara 4 kwa siku: baada ya chai ya asubuhi, baada ya chakula cha mchana, ukifika nyumbani, na kabla ya kulala. Anayengoja usiku ili ajaze siku nzima kwa mpigo huandika siku aliyotamani kuwa nayo. Saa nzima ya video inageuka "nilipumzika kidogo," na zile dakika 40 za kusimama langoni na jirani zinapotea kabisa. Usiandike "kazi" pia, andika kazi gani. Kuhesabu mabati ni kazi, na kukaa kaunta ukingoja mteja huku unasoma habari za mpira nako unakuita kazi.

Rekodi siku 9, kisha zitupe 2 za kwanza. Anayejirekodi hujirekebisha, kama darasa mwalimu mkuu anapopita dirishani, na huchukua siku mbili hivi kuchoka na unafiki huo. Anayelipwa mwisho wa mwezi arekodi mara mbili, mara moja karibu na tarehe 1 na mara ya pili karibu na tarehe 20, kwa sababu mtu wa tarehe 1 na mtu wa tarehe 20 hata njia ya kurudi nyumbani si moja. Epuka wiki ya Pasaka na wiki ya kwanza ya Januari. Hizo hazifanani na nyingine yoyote.

Alama ya toa isikutishe. Kumwogesha mzazi mgonjwa kunaweza kuwa toa siku zote saba na bado kukawa ndicho kitu unachokithamini kuliko vyote. Alama zinakuonyesha gharama ili ujue uweke nini kabla na baada yake. Baada ya toa kubwa usipange jambo linalohitaji akili.

Shahidi wa pili ni simu. Kwenye mipangilio ya simu nyingi za kisasa kuna sehemu inayoonyesha muda uliokaa kwenye skrini, programu moja moja. Google na Apple zote zilianza kuiweka mwaka 2018. Watu huangalia saa tu. Angalia pia idadi ya mara ulizofungua simu. Mtu mwenye saa 3 kwa siku aliyefungua simu mara 25 alikaa akatazama kitu. Mwenye saa 3 zilezile aliyefungua mara 140 huenda hakuwa na nusu saa hata moja iliyo nzima siku hiyo, na huyo ndiye anayeapa kwamba simu yeye haitumii sana. Tenga WhatsApp ya kazi na ile ya soga kabla hujajihukumu. Fundi anayepokea oda kwa simu asijilaumu kwa kupokea oda. Kwa vyovyote, saa 3 kwa siku ni saa 21 kwa wiki, na kwa msomaji wetu hiyo ni karibu nusu ya zile 42 na nusu.

Shahidi wa tatu ni pesa. Piga *334#, ingia sehemu ya akaunti yako, uombe taarifa ya M-Pesa ya miezi 3. Itakuja kwa barua pepe, faili likiwa limefungwa kwa nambari ya siri. Ukichapisha saiba, simama hapo mpaka faili lifutwe kwenye kompyuta yao. Kisha chukua kalamu mbili. Nyekundu ipigie mstari ya lazima: kodi ya nyumba, karo, unga, nauli. Bluu ipigie kila kilichokuwa cha hiari, halafu sahau nyekundu. Kodi kuwa malipo makubwa kuliko yote hakumaanishi unaithamini kodi. Tabia ya mtu iko kwenye bluu, hasa malipo madogo yanayojirudia: bando za shilingi 20 mara nne kwa siku, kubeti, soda za watu, na ada za Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, zinazohesabiwa kila siku deni likiwa halijalipwa. Pesa zilizotolewa kwa wakala hazisemi zilikwenda wapi, kwa hiyo katika zile siku 9 za daftari andika matumizi yake kwa mkono.

Ukiwaweka mashahidi hawa watatu meza moja utaona sura ya mtu fulani, na huenda usimpende. Wengi hugundua wanathamini sana kuonekana watu wa watu: mchango uliotolewa siku majina yanasomwa hadharani ni mara tatu ya ule uliotumwa kimyakimya. Liandike hilo kama lilivyo. Ukilificha litaendelea kula wiki yako chini ya jina la ukarimu.

Karatasi 15 mezani

Sasa ndipo uulize unathamini nini. Usianze na orodha nzuri zilizobandikwa ukutani ofisini, kwa sababu mtu akipewa maneno 50 ya kupendeza huyataka yote. Anza na maswali yenye miba. Ni nani unayemwonea wivu, na wivu wenyewe ni wa kitu gani hasa? (Wivu ni shahidi mzuri kuliko sala, hausemi uongo.) Ni jambo gani uliwahi kulifanya miezi mizima bila kusukumwa wala kulipwa? Ni kitu gani wiki hiyo ya daftari kilikukasirisha kupita kiasi chake? Aliyefoka kwa sababu mtu alichelewa dakika 10 huenda anathamini ahadi kuliko anavyojua.

Andika majibu kwa neno moja moja au sentensi fupi kwenye vipande 15 vya karatasi. Chukua viwili viwili uvishindanishe kwa swali la siku maalumu: Jumamosi hii, kama nafasi ni moja, kipi kinapata? Usiulize "maishani," maana huko hakuna anayekosa nafasi. Vinavyoshinda vishindanishe tena mpaka vibaki 5, kisha 3. Sababu ya kuwa vitatu ni ya kilimo tu. Mahindi hupandwa sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mashimo, na anayebana ili apate mengi huvuna mabua. Wiki yenye thamani saba ina mabua saba.

Kila kilichobaki kipitishe kwenye jaribio hili: naweza kukifanyia kitu leo kabla ya saa 3 usiku bila kuomba idhini ya mtu mwingine? Furaha haipiti, amani haipiti, maana hizo ni matokeo. Heshima ikiwa maana yake ni watu wakuheshimu, haipiti pia, kwa kuwa kazi yote umewaachia wao. Heshima ikiwa ni kufika kwa wakati na kulipa deni siku uliyosema, inapita. Kingine cha kuchuja ni za kuazima: thamani za mama, za mchungaji, za rafiki aliyefanikiwa. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ukijiuliza "nani atavunjika moyo nikiiondoa hii?" na jina likaja haraka kuliko sababu, hiyo si yako.

Jambo moja la kitaalamu linasaidia hapa. Mwanasaikolojia Shalom Schwartz mwaka 1992 alichapisha utafiti uliozipanga thamani za binadamu katika aina 10 kwenye duara. Zilizo jirani husaidiana, zinazotazamana huvutana. Kusaka mafanikio yako mwenyewe kunatazamana na kuwatendea wema wengine. Hamu ya mambo mapya na kujiamulia kunatazamana na usalama na kufuata desturi. Kwa hiyo aliyebaki na "biashara ikue" na "niwepo kwa ndugu zangu" asishangae zikigombana kila wiki. Hajakosea kuchagua. Anachohitaji ni mpaka ulioandikwa mapema, kwa mfano Jumamosi ni ya biashara mpaka saa 7 mchana, baada ya hapo simu ya duka inabaki kwa msaidizi.

Kutoka neno hadi saa

Neno "familia" haliwezi kuwekwa kwenye kalenda. Ligeuze tendo, tendo ulipe saa, saa uipe mahali, na mahali upape kichocheo. Peter Gollwitzer alionyesha mwaka 1999 kwamba nia iliyowekwa kwa mtindo wa "ikitokea hivi, basi nafanya vile" hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. Kichocheo kiwe kitu kinachoshikika: "Nikishafunga kufuli la bohari na kuweka funguo mfukoni, natafuta kivuli, nampigia mtoto kabla sijapanda tuktuk." Kichocheo kibaya ni "nikipata nafasi" au "jioni." Jioni haina mlango wa kubisha.

Kiasi cha kuanzia ni saa 5 kwa wiki, si 20. Kwa msomaji wetu zinagawanyika hivi. Familia saa 2: dakika 20 kila jioni, siku 6. Imani saa 1: dakika 20 mara tatu, saa 11 na nusu asubuhi kabla ya kuwasha data. Useremala saa 2 kwa mkupuo mmoja, Jumamosi ambayo hasafiri kwenda nyumbani, saa 9 hadi 11 jioni. Ufundi wa mikono haukatwi vipande vya dakika 20. Utakuwa bado unanoa randa muda ukakwisha.

Hapo kwenye useremala ndipo wengi huanguka, na hawaangushwi na uvivu. Wanaangushwa na maandalizi. Mtu ana saa 2 zake, anafika kwenye kibanda, patasi haipo, futi ameazima jirani, mbao ziko chini ya magunia ya watu wengine. Dakika 35 zimekwenda, hamu nayo imekwenda. Ijumaa usiku weka pamoja kwenye mfuko mmoja msumeno, randa, patasi, futi, penseli na misumari ya kazi hiyo moja, na andika kwenye karatasi kipande cha kwanza utakachokata na urefu wake. Jumamosi usifike ukafikiri. Fika ukate. Mwimba kwaya, mwandishi, mtu wa kutunza bustani, wote wana mfuko wao wa Ijumaa.

Simu za jioni nazo zina makosa yake. Kumpigia mtoto na kuuliza "umesoma? umekula?" kunakwisha kwa sekunde 40 na wote wawili wamechoka. Chukueni kitu cha kufanya pamoja: yeye anakusomea ukurasa mmoja wa kitabu cha Kiswahili, wewe unamuuliza neno moja. Au anakuhesabia kuku wameingia wangapi. Piga kabla ya taarifa ya habari ya saa 1 jioni, maana ikianza, mwenye simu kule nyumbani hakusikii.

Halafu kuna safari. Ametuambia huenda Mbale kila baada ya wiki mbili, usiku mmoja. Nakuru hadi Mbale kupitia Kericho na Kisumu ni kama saa 5 ukihesabu kusubiri gari. Anatoka Jumamosi saa 8 mchana, anafika saa 1 usiku, anaondoka Jumapili saa 7 mchana. Saa za kuwa macho na watoto: 3 za Jumamosi na 7 za Jumapili, yaani 10. Kwa mwezi ni 20, na barabarani ni 20 vilevile. Akibadilishana nusu Jumamosi na mwenzake mara moja kwa mwezi, aondoke Ijumaa saa 11 jioni, afike saa 4 usiku, atapata Jumamosi nzima ya saa 16 na zile 7 za Jumapili, jumla 23, kwa saa 10 tu za barabara na nusu ya nauli. Hasara ni kwamba watoto wanamwona mara moja badala ya mbili, kwa hiyo simu za jioni haziwezi kurukwa. Ni hesabu ambayo mke wake lazima akae naye waifanye pamoja. Anayempelekea mwenzake ratiba iliyokwisha kuamuliwa, hata iwe nzuri namna gani, amepeleka amri.

Na makini yenyewe? Sophie Leroy aliandika mwaka 2009 kuhusu mabaki ya makini: ukiacha kazi katikati, sehemu ya akili inabaki nayo hata ukiwa umekaa na mtu mwingine. Dawa yake ni ndogo. Kabla ya kutoka kazini andika mstari mmoja: "Kesho naanzia hapa." Kisha zima data, usizime simu, wa nyumbani wakipiga iite. Anayeishi chumba kimoja hana chumba kingine cha kuiacha simu, basi aitie kwenye sufuria kubwa, aifunike kwa kitambaa, aipandishe juu ya kabati. Watu hucheka, lakini mwendo wa kushusha sufuria na kufunua unatosha mkono kujiuliza unatafuta nini.

Jumamosi za matanga

Ushauri mwingi wa kulinda muda unasema jifunze kukataa. Ni ushauri wa mahali pengine. Huku kwetu, kuanzia Busia hadi Siaya hadi Vihiga, mwili unatoka mochari Ijumaa na mazishi ni Jumamosi, na yule unayemnyima Jumamosi yako ndiye atakayebeba jeneza la mzazi wako. Pia, kama undugu umo kati ya zile karatasi zako tatu, matanga hayaibi muda wako, ndiyo muda wenyewe. Yaandike hivyo na uache kunung'unika.

Kwa wengine wote, wekeni utaratibu kabla simu haijalia, kwa sababu anayeamua huku anasoma tangazo la kifo huamua kwa hofu ya kusemwa. Chora duara tatu. Ya ndani ina wazazi, ndugu wa tumbo moja, wakwe na jirani wa ua kwa ua: hao unafika mwili na mchango, hata kama ni katikati ya wiki. Ya kati ina binamu, wafanyakazi wenzako, watu wa kanisa au msikiti: hudhuria kikao kimoja cha maandalizi au mazishi yenyewe, usifanye yote mawili. Ya nje ni wale uliowekwa nao kwenye kundi la WhatsApp: kiasi kilekile kwa kila mmoja, kitumwe ndani ya saa 24, na ujumbe wa mistari miwili. Mfuko wa mwezi uwe na mwisho. Ukiweka shilingi 1,500 na zikaisha tarehe 18, wa duara ya nje waliofiwa baada ya hapo wanapata pole na zamu ya mwezi ujao.

Maneno yawe wazi, yasiwe na visingizio vya gari kuharibika. "Poleni sana. Jumamosi sitafika. Nimetuma mchango wangu kwa mweka hazina, na nitapita nyumbani wiki ya pili baada ya mazishi." Kisha upite kweli. Wiki ya pili mahema yamekwisha kung'olewa, viti vya kukodi vimerudi, jamaa wa mjini wamekwenda, na mjane amebaki na sufuria za watu asizojua za nani. Nusu saa hiyo anaikumbuka. Jumamosi alikuwa na watu 400 na hakumwona hata mmoja.

Asiye na saa maalumu

Mtakaosema haya ni ya watu wa ofisini, mna haki nusu. Mama mboga anayeamka saa 10 alfajiri kuwahi mzigo hawezi kufuata kalenda ya karani. Afunge matendo yake kwenye matukio: "tenga la pili likiisha, nakaa na binti yangu kwenye hesabu zake, robo saa, kabla sijafungua la tatu." Dereva wa boda ahesabu safari, si saa: baada ya abiria wa 12, nyumbani.

Mvuvi wa omena, dagaa wa Ziwa Victoria, huko Dunga, Kisumu, ana kalenda tofauti kabisa. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti kitu, kwa hiyo wiki yake ya kupumzika inaletwa na mwezi wala si Jumapili. Huyo akirekodi siku 9 atadanganyika kabisa. Arekodi siku 30, mwezi mpya hadi mwezi mpya, na zile saa 5 za kila wiki azikusanye zote 20 katika siku za mbalamwezi. Kosa lake la kawaida ni kukubali vibarua vya nchi kavu siku hizo zote, akarudi majini bila kukaa na mtu.

Jumapili jioni, dakika 20

Fungua daftari, hesabu dakika ulizotoa kwa kila moja ya tatu. Hesabu, usijipime kwa hisia. Kuna wiki utajiona umeshindwa na daftari linasema saa 4 na dakika 40. Tendo likikosekana wiki 3 mfululizo, fuata mpangilio huu bila kuruka: kwanza badilisha saa yake, ikishindikana ligawe nusu, likishindikana tena lifute. Kufuta kunaruhusiwa. Kuna watu wamebeba "kujifunza gitaa" tangu kidato cha pili, na gitaa lenyewe liliuzwa zamani.

Saa ulizokosa usizihamishie wiki inayofuata. Ni kama Fuliza: leo dakika 40, kesho zimeongezwa, Ijumaa unadaiwa siku nzima na unamkwepa hata mtoto mwenyewe kwa aibu. Wiki ianze na sufuri. Usinunue vitu pia mpaka miezi miwili ipite. Viatu vya mazoezi na madaftari ya ngozi vina tabia ya kukupa raha ya kumaliza kabla hujaanza. Na usitangaze. Mweleze mtu mmoja anayeishi nawe, basi.

Karatasi 15 zirudie kila shule zinapofungwa, Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Utashangaa kwamba moja kati ya tatu hubadilika. Msomaji wetu, kwa mfano, huenda Agosti akakuta imani imekaa palepale, familia imepanda juu, na useremala umegeuka kutoka kazi anayoiota kuwa kitu anachokipenda Jumamosi jioni tu, kisichohitaji mtu aache mshahara. Au kinyume chake, na hapo ndipo swali lake la kuacha kazi litakuwa na namba za kulijibu: ameuza stuli ngapi, kwa saa ngapi, kwa faida gani.

Kuhusu usiri: daftari hili lina majina ya watu, alama za toa mbele ya baadhi yao, na pesa. Tumia herufi mbili badala ya majina, na usiliache kwenye meza ya kulia chakula. Likijaa, andika juu ya jalada tarehe ya kuanza na ya kumaliza, uliweke kwenye ile bahasha ya vyeti vya watoto na karatasi za shamba, ununue la pili Jumamosi ukitoka kazini.